Kiatu cha Kushoto

Malvern, Johannesburg
6 Machi 2011

Mama mkwe wangu,

Nisamehe kwa kukaa kimya muda wote huu. Barua yako ilifika kabla ya Krismasi. Bakiri wa mizigo mwenyewe aliniletea mpaka mlangoni pamoja na kile kitenge, nami nikaiweka chini ya mto. Sitakudanganya kwamba kazi ndiyo iliyonizuia, ingawa kazi ipo, wala kwamba mjukuu wako Shekinah aliugua, ingawa aliugua kweli, tetekuwanga, na sasa amepona, amebaki na alama moja juu ya nyusi. Kilichonizuia ni kwamba kila nikishika kalamu, neno la kwanza linalokuja ni "hapana", na sikutaka barua yangu ya kwanza kwako tangu matanga ianze na neno hilo. Ndiyo maana leo nimeanza na nisamehe. Hapana yenyewe inakuja.

Uliandika (mkono ni wa Pitchou lakini sauti ni yako, naijua) kwamba wakubwa wa ukoo wamekaa kikao. Baba mkubwa Aloys akasema Marcellin ameacha binti tu, hakuacha mtoto wa kiume, kwa hiyo jina lake litazimika, na kwamba Pitchou kama mdogo wake anichukue niwe mke wake, nizae, jina liendelee. Akaongeza kuwa hata Musa aliamuru hivyo katika Torati.

Mama, la desturi nilikuwa na jibu lake. La Musa lilinishinda. Mimi niliishia darasa la sita, na Baba mkubwa ni shemasi. Nibishane na Musa kwa nguvu gani?

Basi nikaenda kuwauliza wenye Musa wao.

Nilikuambia kwenye simu, kabla haijakatika, kwamba nafanya usafi kwa mzee mmoja Myahudi hapa Kensington, Mzee Lazar. Nyumba yake imejaa vitabu mpaka darini. Nikifuta vumbi upande mmoja, nikigeuka ule mwingine umeshajaa. Mzee huyu alikuwa na rafiki waliyesoma naye kila wiki tangu ujana wao, na rafiki amekufa. Kwao mtu hasomi vitabu hivyo peke yake, Mama. Wanakaa wawili, mmoja anasoma, mwingine anapinga. Tangu rafiki afe, Mzee alikuwa anausomea ukuta kwa sauti, mimi napiga deki.

Siku hiyo nikaweka ndoo chini, nikamwambia, "Mzee, samahani. Ni kweli Musa alisema mjane achukuliwe na shemeji?"

Akavua miwani. "Nani anauliza? Wewe au mwanafunzi?"

"Mjane."

Akavuta kiti, akanionyesha nikae. Shekinah alikuwa chini ya meza na kipande cha mkate, naye akachungulia. Mzee akamuuliza jina. Mtoto akamwambia. Mama, mzee yule alisimama. Kwa ajili ya mtoto wa miaka mitano mwenye siagi kwenye kidevu, alisimama.

Akaniuliza nimelitoa wapi jina hilo. Nikasema kanisani, liko kwenye Biblia. Akasema, "Litafute." Wiki nzima nimelitafuta, na pasta wetu amelitafuta mpaka amekasirika. Halipo! Mzee anasema ni neno la walimu wao wa zamani, waliokaa Galilaya na Babeli baada ya Warumi kuchoma Hekalu. Nyumba ya Mungu imekuwa majivu, watu wametawanyika, sasa Mungu anakaa wapi? Wakatengeneza neno la huko kukaa kwake, kukaa karibu na watu. Nikamwambia sisi tunasema maskani. Akaniomba nirudie. "Mas-ka-ni," akasema, akalisaga mdomoni kama peremende. "Ni ndugu. Maneno haya ni ndugu." Sikulala vizuri. Miaka yote naita mtoto aje kula, kumbe naita hilo.

Kisha akafungua kitabu kikubwa kama mlango wa kabati. Katikati ya ukurasa pana maneno machache, na maneno mengine yameyazunguka pembeni, na mengine yamezunguka hayo. Wa katikati ni wale walimu. Wa pembeni walikuja baada yao kwa mamia ya miaka, wanawajibu. Huyu anamkatalia yule, na hawakuwahi kuonana.

"Wamekufa?" nikauliza.

"Wote."

"Na bado wanagombana?"

"Kila siku. Mpaka chakula changu kinapoa."

Sasa sikiliza, Mama. Musa kweli alisema, ila aliweka na mlango wa kutokea. Kama ndugu wa marehemu hamchukui mjane, wanakwenda mbele ya wazee. Mjane anamvua kiatu, anatema mate chini mbele yake, anasema maneno yaliyowekwa, basi, yuko huru. Kwetu mlango wa kuingia nimeonyeshwa. Wa kutokea sijawahi kuonyeshwa na mtu.

Na walimu wale waliketi vizazi kwa vizazi wakikichunguza kiatu hicho. Cha ngozi au cha mti? Kama ni cha kuazima je? Kamba ifunguliweje? Wengi wakasema ni mguu wa kulia. Mmoja akasema hata wa kushoto unafaa. Walimkatalia, lakini maneno yake hawakuyafuta. Yapo mpaka leo, katikati ya ukurasa. Nikauliza, kama alikosea mbona wamemwacha? Mzee akasema, "Labda siku moja atahitajika."

Nilisimama na kitambaa cha vumbi mkononi, kazi imenitoka akilini. Watu wazima, wasomi, waliochomewa mji wao, wanakaa kumfikiria mjane na kamba ya kiatu. Nilijua Mungu anaijua habari yangu. Sikujua kama watu nao waliwahi kuijua.

Hapana yangu ndiyo hiyo, Mama. Pitchou ni mdogo wangu. Nilimpiga kofi kwa kuiba sukari. Sitakuwa mke wake. Lakini sitaki kutoka kwenu kwa dirisha kama mwizi. Nataka nitoke kwa mlango, kwa heshima. Kwa hiyo naomba kitu kimoja: mpe Bakiri aniletee kiatu cha Pitchou cha mguu wa kulia.

Mkamwana wako,
Victorine

*

Uvira
17 Aprili 2011

Victorine,

Salamu nitakupa mwishoni, kama hasira itakuwa imeniacha.

Kiatu! Mwanangu mmoja amezikwa huko nisikokujua, hata udongo wake sijaushika, na sasa unataka kiatu cha huyu aliyebaki? Mama Denise jirani amenishika mkono, amesema mtu anayetaka kiatu chako anazitaka nyayo zako, na anayezitaka nyayo zako anataka usitembee. Nikamwambia Victorine si mchawi. Akasema, "Alikuwa si mchawi. Johannesburg ni mbali." Na mate! Utemee mate kiatu cha mwanangu! Pitchou anaandika polepole makusudi, namwona. Andika, Pitchou. Andika hivyo hivyo, usilainishe.

Huyo mzee wako na vitabu vyake simjui. Mimi najua kwamba mume wangu alikuwa na jina, akampa Marcellin, na Marcellin hakumpa mtoto wa kiume. Binti huolewa, akachukua jina la watu. Miaka ikipita mtu atauliza Marcellin alikuwa nani, na hapatakuwa na wa kujibu.

Wakubwa wamekaa tena. Baba mkubwa Aloys amesema neno la mwisho, na mimi nimelikubali. Kama hutaki Pitchou, basi uko huru, nenda unakotaka, hatukufungi. Lakini Shekinah ni damu yetu. Atakuja akae hapa kwa ukoo wa baba yake. Bakiri akipanda kurudi huku Julai aje naye. Ameshakubali.

Usiniandikie habari za viatu tena.

Mama Marcellin

Dada Victorine, Mama amekwenda kugeuza muhogo juani, naandika mbio. Hayo ya juu nimeyaandika alivyosema. Kiatu nimekituma. Kiko ndani ya mfuko wa unga wa muhogo aliopewa Bakiri, Mama hajui. Nitembee na kandambili, sijali. Mimi nina mtu wangu, anaitwa Joséline, anashona nguo karibu na soko la Mulongwe. Ni wa ng'ambo, Burundi, na Mama hawapendi wa ng'ambo tangu ule ugomvi wa kiwanja, kwa hiyo sijasema kitu. Fanya hiyo dawa ya Musa upesi. Ila kuhusu Bakiri na mtoto, Mama hatanii. Pitchou.

*

Malvern, Johannesburg
12 Juni 2011

Mama,

Shekinah haji na Bakiri.

Nimeliweka hilo juu kabisa ili lisipotelee katikati. Nimemwambia Bakiri pia, uso kwa uso, mbele ya duka la vitenge la Jules Street, watu wakisikia. Akasema yeye ni mbeba mizigo tu. Nikamwambia, "Kabisa. Na huyu si mzigo." Ametuma salamu.

Usifikiri nimesema hayo kwa jeuri. Niko peke yangu hapa, Mama. Asubuhi namvika sare, namvusha kwenye robot, taa zile zile za barabarani alipogongwa baba yake akafa, maana shule iko upande wa pili, na kila siku nasema jina lake tukivuka. Marcellin. Mtoto analisema pia. Ni kama mchezo kwake. Kwangu si mchezo.

(Shemeji, kuanzia hapa usimsomee Mama. Ruka mpaka penye msalaba.

Kiatu kimefika. Nilikitambua kabla sijakikung'uta unga. Pitchou, wewe! Si ni vile viatu vya kahawia alivyovaa Marcellin siku ya harusi yetu, akakutumia vilipoanza kumbana? Soli bado ina ule mchubuko wa ngazi za kanisa. Nilikaa chini jikoni nikakipakata.

Nikakipeleka kwa Mzee Lazar. Alikiweka mezani juu ya gazeti, akakigeuza, akavuta kamba, akanusa ngozi, akasema, "Kiatu kizuri sana. Mguu uko wapi?"

"Mguu gani?"

"Wa shemeji."

"Uko Uvira."

Eish, mzee alicheka mpaka akashika meza. Kumbe lazima mtu mwenyewe awe ndani ya kiatu! Mimi nilidhani ni kama mahari, unatuma kitu kinamsimamia mwenye nacho. Nilitaka kuvua kiatu kwenye gazeti mbele ya mzee mmoja, hakuna mguu, hakuna wazee wa mji, na kwa bahati nzuri sikuwa nimetema mate. Usinicheke. Na huyo Joséline wako mwambie Mama mapema, kabla Mama hajaambiwa na Mama Denise. Mwanamke anayesubiri sokoni bila kutajwa nyumbani huchoka.) ✝

Mama, sasa nakuja kwako. Mzee Lazar alipomaliza kusikia habari yangu aliniuliza swali ambalo alipaswa kuliuliza mwanzo, na mwenyewe alijipiga paji la uso kwa kulisahau. "Marehemu hakuacha mtoto kabisa?"

Nikasema ameacha binti, huyo hapo chini ya meza.

Akainama, akamtazama. Kisha akaenda kuleta kitabu kingine, akatembea pole pole, maana magoti, na Shekinah akamshikia fimbo. Akaniambia sheria ile ya Musa inamhusu mtu aliyekufa bila mwana. Neno lililoandikwa pale, kwa Kiebrania, mtu anaweza kulisoma kuwa ni mtoto wa kiume. Baba mkubwa Aloys analisoma hivyo, na si mjinga, limeandikwa hivyo. Lakini wale walimu, Mama, walikaa na neno hilo dogo. Wakaligeuza, kama unavyogeuza muhogo ukauke pande zote. Wakasema: mtu aliyeacha binti hakufa bila mwana. Hata akiacha mjukuu. Mke wake hafungwi na shemeji, wala kiatu hakihitajiki, kwa sababu jina halijazimika. Liko ndani ya nyumba, linakula mkate.

Mzee akaniuliza sisi tunasema nini kwa lugha yetu. Nikasema mwana.

"Mwana wa kiume?"

"Mwana tu. Yeyote uliyemzaa."

Akafunga kitabu. Akasema, "Basi ninyi mmepewa bure kitu ambacho walimu wetu walikitolea jasho."

Mama, mimi nimesema neno hilo tangu nianze kuongea, na sikuwahi kuliona. Nilitoka pale nikatembea mpaka Malvern kwa miguu, nikaacha teksi zinipite, nimemshika mtoto mkono, nikiwaza kwamba miaka zaidi ya elfu moja na mia tano iliyopita, mahali nisipopajua, watu wenye ndevu waliofiwa na mji walimwangalia binti wa mtu wakasema: huyu anatosha. Miti ya barabarani ilikuwa imekwisha majani. Jua lilikuwa linashuka nyuma ya Troyeville, kila dirisha linawaka. Shekinah akaniuliza mbona nalia. Nikasema ni moshi.

Sikuletei haya ili nikushinde. Musa si wangu na hao walimu si wangu, na Mzee mwenyewe alisema sheria yao haimfungi mtu wa Uvira. Lakini Baba mkubwa ndiye aliyemwita Musa shahidi. Basi shahidi na amalize kusema.

Muulize Baba mkubwa swali moja tu kwa niaba yangu: mwana ni nani?

Mkamwana wako,
Victorine

*

Uvira
21 Agosti 2011

Victorine,

Salamu nyingi. Leo natanguliza salamu.

Anayeandika si Pitchou. Barua yako Pitchou alinisomea vizuri, na alipofika mahali fulani akakohoa, akageuza karatasi, sauti ikaruka kama mbuzi juu ya mfereji. Nimemzaa mwenyewe, najua anavyokohoa. Kesho yake nikaichukua barua nikaipeleka kwa msichana mmoja anayeshona karibu na soko, ana mwandiko mzuri, hanijui simjui, nikamwambia, "Nisomee yote, mpaka madoa."

Akasoma. Akafika kwenye kiatu. Akafika kwenye mguu uko wapi. Nilitaka kukasirika, lakini kicheko kilinitangulia. Wewe Victorine, kuagiza kiatu bila mguu! Halafu akafika penye jina lake mwenyewe, na sauti ikafa. Cherehani ikasimama. Nikamwambia, "Endelea, mbona umenyamaza?" Akasema, "Mama, huyu Joséline ni mimi." Nikamwambia, "Nimeshaona. Endelea." Ndiye anayeandika hii. Nimemwambia aandike na hayo pia, na ameinamisha kichwa anaandika. Ni wa ng'ambo, lakini haruki mistari.

Sasa habari ya Baba mkubwa. Jumapili baada ya ibada walikuwa wamekaa barazani kwake, yeye na wakubwa, na kahawa. Nikaingia. Wakasema, "Mama Marcellin, karibu, mtoto anakuja lini?" Nikasema nina swali la kidini kwa shemasi, limetoka kwa walimu wa yule mzee wa Victorine. Akajiweka sawa kitini. Nikamuuliza, "Baba, mwana ni nani?"

Akasema, "Swali gani hilo? Mwana ni mtoto wa kiume."

Nikamuuliza, "Na hao wanaokutilia kahawa?"

Maana ni mabinti zake, Victorine. Unajua mwenyewe, Mungu hakumpa wa kiume hata mmoja. Kila siku wanamfulia, wanamlisha, yule mkubwa ndiye aliyemlipia miwani anayosomea Biblia. Walisimama pale na birika mkononi, wote wamegeuka wanamtazama. Hata mimi sikuwa nimepanga hivyo. Niliuliza tu, kisha nikaona nimeuliza nini.

Alivua miwani. Aliangalia kikombe. Mkubwa mmoja akataka kucheka, mwingine akamkanyaga. Mwishowe Baba mkubwa akasema, pole pole, "Hao walimu wa mzee wa Victorine. Walikuwa watu wa Mungu?" Nikasema ndivyo nilivyoandikiwa. Akasema, "Binti wa Marcellin abaki alipo." Kisha akamwambia binti yake mkubwa, "Mwanangu, nitilie nyingine." Victorine, niliogopa. Ni neno analolisema kila siku, lakini siku hiyo kila mtu barazani alilisikia.

Sasa nikuambie langu, na Joséline aandike polepole. Jina ni la wanaume kulililia. Mimi nilitaka Pitchou akuchukue ili usituache. Binti akiolewa anakwenda, mjane akiolewa anakwenda, na mtoto anakwenda naye. Uliposema kiatu nikaona umeshasimama mlangoni. Ndipo nikamtaka mtoto, maana ukiniachia mtoto utarudi tu.

Lakini ulisema mnavuka barabara mkitaja jina lake. Hilo Joséline alinisomea tena na tena, mpaka wateja wakalalamika.

Hicho kiatu kaa nacho. Kilikuwa cha Marcellin kabla hakijawa cha Pitchou. Na barua zako usizitie sahihi ya mkamwana tena. Mkamwana ni mke wa mwana. Wewe nakuita mwana, na kama lugha haitofautishi, na mimi sitofautishi. Lakini nataka kumwona huyo mtoto kwa macho yangu. Sisemi umtume. Nasema umlete.

Unahitaji nini kutoka huku? Sema, Bakiri anashuka Novemba.

Mama yako

*

Malvern, Johannesburg
9 Oktoba 2011

Mama yangu,

Nisamehe tena, nimechelewa tena, ila safari hii kwa sababu nzuri: barua yako nilikuwa natembea nayo. Mfukoni kazini, ndani ya Biblia kanisani. Imechakaa kwenye mikunjo. Mzee Lazar alipoiona akaniambia kwao maandishi matakatifu yakichakaa hayatupwi, yanazikwa kama mtu. Nikamwambia hii ni barua ya mama mkwe tu. Akasema, "Nitafsirie, halafu nitakuambia kama ni tu." Nikamtafsiria. Alipiga chafya nyingi.

Wiki iliyopita amemaliza kile kitabu kikubwa alichokianza na rafiki yake kabla hajafa. Mtu akimaliza, kwao wanafanya karamu ndogo, na wanakiambia kitabu chenyewe kwamba watakirudia, nacho kiwarudie. Wanasema na kitabu kama mtu anayeondoka safari! Tulikuwa sisi watatu na keki ya dukani. Shekinah akauliza, "Babu, kitabu kinasikia?" Mzee akamwambia walimu wale walisema mambo mengi makubwa, lakini moja analishika kuliko yote: watu walipofukuzwa kutoka nchi yao, kule kukaa kwa Mungu hakukubaki nyuma kulinda magofu. Kulifungasha, kukaondoka nao. Kila walikokimbilia kulikuwa nao. Akamwekea mkono kichwani. "Na ndilo jina lako."

Mama, niliangalia nje dirishani ili wasinione. Tangu nivuke mpaka nilidhani Mungu nimemwacha kwetu, pamoja na sufuria.

Nitamleta Shekinah. Nitamleta mwenyewe, kwa mkono wangu, likizo ya Desemba ya mwaka ujao nikipata ruhusa na karatasi zikiwa tayari, akuone, ale kwako, umtie mafuta kichwani, na Januari nitarudi naye shuleni. Nimelisema lote mara moja ili usije ukasikia nusu. Kiswahili anakielewa, ila anajibu kwa Kizulu na Kiingereza. Usimcheke, atazoea.

Kiatu kiko chini ya kitanda chake. Siku moja nimetoka kufua nikamkuta amekivaa, mguu mdogo umezama mpaka kifundo, anakiburuta korido nzima, kop, kop. Nikamuuliza, unafanya nini? "Ni cha Baba," akasema. Kisha akanitazama kwa hasira kama yako: "Kingine kiko wapi?"

Nikamwambia tutakiomba kwa Bibi.

Kwa hiyo Bakiri akishuka Novemba, ninachohitaji bado ni hiki:

Dagaa wakavu, wale wadogo, waliopepetwa mchanga. Safari iliyopita tulitafuna ufuo.

Unga wa muhogo, mfuko mmoja. Bila kitu ndani.

Ile picha ya Marcellin ya shule, yenye sikio moja limekunjwa na kofia.

Majina ya ukoo, kuanzia wa mbali kabisa unayemkumbuka, mpaka mume wako, mpaka Marcellin. Mtajie Joséline, aandike bila kuruka. Chini ya Marcellin aandike Shekinah, kwa mwandiko ule ule.

Mguu wa Pitchou wa kulia na wa kushoto. Akanyage karatasi, Joséline azungushe kalamu, nimtafutie viatu vipya hapa Jules Street vya kuvaa siku ya harusi yao.

Vipimo vya Joséline, nina kitambaa.

Na kiatu cha kushoto. Hicho usisahau, Mama. Yule mwalimu aliyekataliwa alikuwa sahihi: hata cha kushoto kinafaa. Kifungwe kwa kitenge, na ndani yake utie udongo kidogo wa uani kwako.

Mwana wako,
Victorine